Mahekalu ya Kusini mwa India kwa Gari: Njia ya Tamil Nadu au Njia ya Karnataka?

Watu wa Afrika Mashariki wanaokwenda kusini mwa India hufikia zaidi katika miji miwili: Chennai, ambako wengi hufuata matibabu, na Bengaluru, ambako wengi hufuata masomo. Kila mmoja wa miji hiyo ni mlango wa njia ya mahekalu ya Kihindu inayoweza kumalizwa kwa gari katika muda wa wiki moja, na kundi la marafiki lenye wiki hiyo moja tu halina budi kuchagua. Njia ya kwanza, ya jimbo la Tamil Nadu, hutoka Chennai, hupita Kanchipuram na Mahabalipuram, huingia katika bonde la mto Kaveri karibu na bahari, kisha hufika Thanjavur, Srirangam na Madurai, na wenye nguvu huendelea hadi Rameswaram. Njia ya pili, ya jimbo la Karnataka, hutoka Bengaluru, hupita Belur na Halebidu, hupanda kaskazini hadi Hampi na kuishia Badami na Pattadakal.

Kinachozitofautisha njia hizi mbili kuliko jambo lolote lingine ni kwamba mahekalu mengi ya Tamil Nadu yana wenyewe. Humo watu huoa, huweka nadhiri, hunyoa nywele za watoto, hula chakula cha mchana na kusinzia chini ya nguzo, na mgeni huingia kama mtu anayepita uani kwa watu wakati shughuli inaendelea. Katika njia ya Karnataka mahekalu kadhaa bado yana ibada, lakini mengi yamebaki mikononi mwa Idara ya Mambo ya Kale ya India, na mgeni huweza kukaa mbele ya ukuta mmoja saa nzima bila kumzuia mtu. Kundi lisilotambua tofauti hii mapema huweza kuchagua njia nzuri na bado likarudi na manung'uniko.

Mahekalu yenyewe

Tuanze na Tamil Nadu. Mahabalipuram iko kiasi cha kilomita 55 hadi 60 kusini mwa Chennai, na ni kazi ya wafalme wa Pallava wa karne ya 7 na ya 8. Hapo pana hekalu la ufukweni, pamoja na mahekalu matano madogo yaliyochongwa kutoka katika miamba mizima papo hapo yalipo, bila jiwe kupandishwa juu ya jiwe. Hapo hapana ibada ya kila siku. Ni mahali pa kutazama tu, na kwa hiyo ni mwanzo mwepesi kwa kundi ambalo halijawahi kuingia katika hekalu la Kihindu. Kanchipuram, iliyo kilomita 70 na kidogo kutoka Chennai upande wa bara, ni mji wa mahekalu na wa sari za hariri, na hekalu lake la Kailasanathar la mwanzoni mwa karne ya 8 nisingekubali lirukwe hata kama ratiba imebana.

Uzito wa njia hii, hata hivyo, uko katika mahekalu ya wafalme wa Chola. Hekalu la Brihadisvara mjini Thanjavur lilikamilika mwaka 1010 chini ya Rajaraja wa Kwanza, na mnara wake wa mawe ya itale, unaosimama juu ya patakatifu penyewe, una urefu wa zaidi ya mita 60. Jambo hilo la mahali unaposimama mnara lina maana yake, kwa sababu katika mahekalu mengi yaliyojengwa baadaye kusini mwa India minara mirefu ni ya malango, nayo hupungua kimo kadiri mtu anavyokaribia ndani, hadi patakatifu panakuwa padogo na pa giza. Thanjavur mambo ni kinyume chake. Mwana wa Rajaraja, Rajendra wa Kwanza, baada ya majeshi yake kufika hadi mto Ganges, alijenga mji mkuu mpya na hekalu lake huko Gangaikonda Cholapuram. Leo mji huo haupo tena, hekalu limebaki karibu peke yake kati ya bustani na mashamba, na ni mahali patulivu kuliko pote katika njia hii. La tatu, Airavatesvara la Darasuram karibu na Kumbakonam, ni la karne ya 12, dogo kuliko mengine mawili, lakini uchongaji wake ni wa hali ya juu zaidi. Mahekalu haya matatu yamo katika orodha ya UNESCO ya Urithi wa Dunia, ambako Thanjavur liliandikishwa mwaka 1987 na mengine mawili kuongezwa mwaka 2004.

Srirangam ni kitu kingine kabisa. Ni hekalu la mungu Vishnu kwenye kisiwa cha mto Kaveri, jirani na mji wa Tiruchirappalli, lenye nyua saba zinazozungukana, na nyua za nje ni mitaa ya kawaida yenye nyumba, maduka ya shaba na wauza maua. Mnara wake mkubwa wa kusini una mita 73, na ingawa ujenzi wake uliachwa kwa karne kadhaa, ulikamilishwa mwaka 1987. Madurai nako kuna hekalu la Meenakshi, lenye minara 14 ya malango iliyojaa masanamu ya rangi, na kila usiku makuhani huibeba sanamu ya mungu Shiva kwa machela hadi chumba cha Meenakshi, mkewe, huku ngoma na zumari zikilia. Kundi likilala Madurai usiku mmoja tu, usiku huo uwe wa kuiona ibada hiyo.

Karnataka huanza kwa kazi ya mikono midogo midogo. Hekalu la Chennakeshava huko Belur liliagizwa na mfalme Vishnuvardhana wa nasaba ya Hoysala mwaka 1117, na lile la Hoysaleshwara huko Halebidu, kilomita 16 tu kutoka hapo, lilianza kujengwa miaka michache baadaye. Mafundi walitumia jiwe laini la jamii ya lile linalochongwa Tabaka, Kisii, ambalo hukubali patasi likiwa bichi na kuwa gumu baadaye, na ndiyo sababu mikufu ya masanamu yake imechongwa ikiwa na tundu katikati ya shanga. Kuta zimezungushiwa safu za ndovu chini, kisha wapanda farasi, kisha hadithi za Ramayana na Mahabharata, tenzi mbili kuu za Kihindu, na baadhi ya wachongaji waliandika majina yao chini ya kazi yao, jambo lisilo la kawaida kwa zama hizo. Belur ibada inaendelea hadi leo, Halebidu haipo. Mahekalu hayo mawili, pamoja na la Somanathapura karibu na Mysuru, yaliingia katika orodha ya UNESCO mwaka 2023.

Hampi inahitaji siku mbili kamili, na anayekwambia kwamba moja inatosha hajapanda kilima cha Matanga. Ulikuwa mji mkuu wa dola ya Vijayanagara tangu karne ya 14 hadi mwaka 1565, ambapo majeshi ya masultani wa Deccan yalishinda katika vita vya Talikota na mji ukaporwa. Kilichobaki ni mahekalu, masoko ya mawe, mabirika na mazizi ya ndovu, vyote vimetawanyika kati ya majabali makubwa ya rangi ya kahawia kandokando ya mto Tungabhadra. Hekalu la Virupaksha bado lina waumini na ndovu wake. Hekalu la Vittala, lenye gari la mawe ambalo picha yake imo kwenye noti ya rupia 50, halina. Badami, kiasi cha kilomita 140 kaskazini-magharibi, ina mapango yaliyochongwa katika karne ya 6 na wafalme wa Chalukya, na Pattadakal, kilomita 22 mbele, ina kundi la mahekalu ya karne ya 7 na ya 8 ambayo mitindo ya kaskazini na ya kusini mwa India imesimama bega kwa bega katika uwanja mmoja.

Njia hizi mbili zinagusana kihistoria mahali pamoja. Mfalme Vikramaditya wa Pili wa Chalukya aliiteka Kanchipuram katika karne ya 8, lakini badala ya kulipora hekalu la Kailasanathar aliacha maandishi kwenye nguzo yake, kwa lugha ya Kikannada, yakieleza kwamba aliirudisha mali yake. Na malkia wake, Lokamahadevi, alijenga huko Pattadakal hekalu la Virupaksha la kukumbuka ushindi huo, ambalo linafanana waziwazi na lile la Kanchipuram. Mtu akiona moja kati ya hayo mawili atatamani kuona la pili.

Saa na masharti

Hapa ndipo urafiki hupimwa. Mahekalu mengi yenye ibada katika Tamil Nadu hufunguliwa alfajiri, hufungwa kuanzia saa sita au sita na nusu mchana, na hayafunguliwi tena mpaka saa kumi alasiri. Kundi linaloamka saa tatu na kunywa chai taratibu hadi saa nne litafika mlangoni kufuli likiwa linafungwa, na kwa kuwa hekalu linalofuata nalo limefungwa, mchana wote utaishia garini au mezani. Dawa yake ni kupanga siku kuwa na vipande viwili, cha asubuhi na cha jioni, na kuacha mchana uwe wa kusafiri kutoka mji mmoja hadi mwingine. Ratiba hiyo inaifaa miguu pia, maana viatu huachwa nje, na sakafu ya mawe saa saba mchana haikanyagiki. Soksi zinaruhusiwa katika mahekalu mengi, na mtu mzima asione haya kuzivaa.

Jambo la pili ni simu. Mahakama Kuu ya Madras (jina la zamani la Chennai) iliagiza mwaka 2022 kwamba simu zizuiwe katika mahekalu ya Tamil Nadu, na huko Madurai simu na kamera huachwa kwenye sanduku nje ya lango. Hekalu hilo lina malango makuu manne yanayofanana machoni mwa mgeni, viatu viko lango moja, na marafiki wakitengana ndani hakuna namna ya kupigiana. Kwa hiyo kabla ya kukabidhi simu ni lazima kukubaliana lango la kutokea na saa ya kukutana. Ushauri huu unaonekana mdogo mpaka mtu ajikute akizunguka ukuta wa nje pekupeku.

Jambo la tatu ni mpaka wa asiye Mhindu. Katika mahekalu mengi ya Tamil Nadu mgeni wa dini nyingine huruhusiwa katika nyua na kumbi, lakini huzuiwa kuingia patakatifu pa ndani, na kwa kawaida kuna kibao kinachosema hivyo karibu na mlango au karibu na mlingoti wa bendera. Kundi lenye Wahindu na wasio Wahindu litagawanyika hapo, na ni vizuri waliobaki nje wawe wanajua kwamba kusubiri kwao kunaweza kufika saa nzima siku ya sikukuu. Kubishana na mlinzi hakusaidii, na hakupendezi. Katika njia ya Karnataka suala hili hujitokeza kwa nadra: Halebidu, Vittala, Badami na Pattadakal mtu yeyote mwenye tiketi au aliyevua viatu huingia mpaka ndani, na mahali pengi picha zinaruhusiwa.

Mavazi ni mepesi kwetu. Gauni refu au dera pamoja na mtandio humtosha mwanamke, na mwanamume akiwa na suruali ndefu na shati hana shida, ingawa akitaka kuvaa veshti nyeupe inayofungwa kiunoni mithili ya kikoi, wenyeji hufurahi. Kaptura ndizo zinazoleta maneno.

Barabara, gari na dereva

Magari ya India hupita kushoto kama yetu, na jambo hilo huwadanganya wengi wakadhani wanaweza kuendesha wenyewe. Leseni ya kimataifa inahitajika, lakini kikwazo halisi ni mwendo wa mabasi ya Tamil Nadu kwenye barabara nyembamba za mashambani, ng'ombe, pikipiki zinazokuja upande usio wake, na mpunga ulioanikwa kwenye lami wakati wa mavuno. Kwa njia zote mbili ningechukua gari pamoja na dereva bila kujiuliza mara mbili. Gari halali la kukodi lina namba za rangi ya njano. Za magari binafsi ni nyeupe, kinyume kabisa na ilivyo Tanzania, na gari la namba nyeupe linalotolewa kwa bei ya chini huweza kusimamishwa na polisi safari ikaishia hapo. Marafiki wanne hutoshea katika gari dogo ikiwa mizigo ni michache, sita hukaa vizuri katika Toyota Innova, na wakizidi hapo kuna mabasi madogo ya viti 12.

Malipo huhesabiwa kwa kilomita, na kampuni nyingi huweka kiwango cha chini cha kilomita kwa siku, mara nyingi 250 au 300, ambacho hulipwa hata gari lisipokwenda kiasi hicho. Juu yake huongezwa posho ya dereva, ushuru wa barabara na maegesho. Kwa hesabu hiyo, Tamil Nadu ina hasara iliyojificha: miji ya bonde la Kaveri imekaribiana sana, Kumbakonam hadi Thanjavur ni kilomita 40 tu, na Thanjavur hadi Tiruchirappalli kiasi cha 55 hadi 60, kwa hiyo siku kadhaa kundi hulipia kilomita ambazo halikuzitumia. Karnataka kilomita hutumika zote. Kutoka Bengaluru hadi Belur ni kiasi cha 220, kutoka Belur hadi Hampi takriban 300, na siku hiyo ya pili ni ndefu, haina hekalu kubwa katikati, na hula mchana wote. Chitradurga, yenye ngome yake ya majabali, ndiyo mahali pazuri pa kupumzikia.

Uliza pia gari linarudi wapi. Safari ikiishia Madurai wakati gari ni la Chennai, kundi hulipia kilomita 460 za kulirudisha, liwe limepanda ndege au la. Vivyo hivyo kwa Badami, ambayo uwanja wake wa ndege wa karibu ni Hubballi, umbali wa kiasi cha kilomita 100. Kuhusu dereva, usimwandalie ratiba ya saa kumi na moja alfajiri baada ya kumkesheza akisubiri ibada ya usiku. Na ukimwona ameweka ndimu chini ya magurudumu kabla ya kuondoka, usizitoe. Ni kinga ya safari, nazo zitapondwa gari likianza kwenda.

Kiingilio, chakula na msimu

Kiingilio cha mahekalu yenye ibada kwa kawaida ni bure, na anayetaka foleni fupi hununua tiketi ya bei ndogo. Mambo ya kale hulipiwa, na kwa viwango vilivyowekwa mwaka 2018 mgeni hulipa rupia 600 katika maeneo ya daraja la kwanza, ambapo raia wa India hulipa 40. Njia ya Tamil Nadu ina sehemu moja tu ya namna hiyo, Mahabalipuram. Karnataka ina Hampi na Pattadakal za rupia 600, pamoja na Badami na Aihole, kijiji cha mahekalu ya kale jirani na Pattadakal, za rupia 300, yaani 1,800 kwa kila mgeni. Tiketi ya Vittala hutumika siku hiyohiyo katika eneo la majumba ya kifalme, kwa hiyo isitupwe. Gari haliruhusiwi kufika Vittala. Hatua za mwisho ni za miguu au za vigari vya umeme.

Chakula si tatizo kwa anayependa wali, dengu na mboga. Katika miji ya mahekalu ya Tamil Nadu idli (vitumbua vya mvuke) na dosa (chapati nyembamba za mchele) hupatikana tangu alfajiri, mchana kuna wali uliopakuliwa juu ya jani la mgomba, na mahekalu mengi makubwa hutoa chakula cha bure mchana kwa yeyote anayekaa mkekani. Rafiki asiyeweza kumaliza siku bila nyama ataipata Thanjavur na Madurai bila taabu, lakini Hampi yenyewe ni mahali patakatifu pasipouzwa nyama wala pombe, na itambidi aende Hosapete, kilomita 13.

Msimu ndio unaoweza kukata shauri. Mvua kubwa za Tamil Nadu hunyesha Oktoba hadi Desemba, wakati Hampi na Badami ziko katika hali yake nzuri kabisa. Januari na Februari njia zote mbili zinafaa, ila hadi katikati ya Januari barabara za kusini hujaa mahujaji waliovaa nyeusi wanaokwenda Sabarimala, hekalu la milimani katika jimbo la Kerala, na Srirangam na Rameswaram foleni hurefuka mno. Kuanzia Aprili joto la Hampi huweza kufika nyuzi 40, na hakuna kivuli.

Kundi lipi liende wapi

Kwa kundi lenye mzee, au mtu anayepata nafuu baada ya matibabu, ningechagua Tamil Nadu bila kusita, na ningekata Rameswaram, kwa kuwa kutoka Madurai hadi huko ni kilomita 170 nyingine. Miji iko karibu, hospitali ziko karibu, na sehemu kubwa ya mahekalu ni tambarare. Karnataka ina ngazi za Badami na vilima vya Hampi, na wengi hupitia pia Shravanabelagola kupanda ngazi zaidi ya 600 hadi kwenye sanamu ya Gommateshwara, ingawa hapo ni mahali pa Wajaini, si pa Wahindu. Kwa vijana wapiga picha, au kundi ambalo nusu yake haina hamu na ibada, Karnataka itawapa uhuru ambao Tamil Nadu haiwezi kuwapa. Kundi lenye Mhindu anayetaka kusali liende Tamil Nadu, na wenzake wakubali kwamba ni yeye anayepanga saa.

Wapo watakaotaka zote mbili, na wakiwa na siku kumi na mbili hivi inawezekana: waanze Bengaluru, wazunguke Belur, Hampi na Badami, warudi Bengaluru, kisha washike barabara ya Chennai, ya kiasi cha kilomita 350, ambayo Kanchipuram iko karibu nayo. Hapo watakuwa wanavuka mpaka wa majimbo, na kabla ya kutoa malipo ya awali waulize kama gari lina kibali cha utalii cha India nzima, maana lisipokuwa nacho kodi ya kuingia jimbo la pili itadaiwa mpakani na itawaangukia wao.